London hadi Sydney: upitie Singapore, Ghuba, Perth au Hong Kong?

Mtu anayetafuta tiketi ya kutoka London kwenda Sydney huletewa orodha ndefu ya safari zinazofika mahali pamoja kwa muda usiofanana hata kidogo: moja inachukua saa 23, nyingine 27, nyingine imevuka 35, na bei zake hazifuati mpangilio unaoeleweka kwa haraka. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba ile ndefu imezunguka mbali na ile fupi imenyooka. Sivyo ilivyo. Ukiziweka kando safari zinazopitia Marekani, njia zote kuu zinakaribiana mno kwa urefu, na tofauti yake ya kilomita, ikigeuzwa kuwa muda wa kuruka, haifiki saa moja. Yanayozitenga ni mambo mengine matatu: mahali safari inapokatwa, muda ambao abiria anakaa chini akisubiri, na kipande kipi cha safari kinachoangukia usiku. Ulinganisho huu umejengwa juu ya hayo matatu, na kilomita zimetangulizwa ili zisije zikatudanganya baadaye.

Kilomita zenyewe

Mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya uwanja wa ndege wa Heathrow na ule wa Kingsford Smith mjini Sydney una takriban kilomita 17,000. Kwa kuwa mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo, hakuna mahali pawili panapoweza kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000 hivi. Kwa hiyo miji hii miwili imetengana kwa kama asilimia 85 ya umbali wa juu kabisa unaowezekana. Kwenye ramani bapa mstari huo huonekana umepinda bila sababu, lakini ukiuvuta uzi juu ya tufe utaona kwamba ndiyo njia iliyonyooka: hutoka Uingereza ukipanda kidogo kuelekea kaskazini-mashariki, hukatiza bahari ya Baltiki na ardhi ya Urusi, kisha huteremka katikati ya Asia na China kabla ya kuvuka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia na kuingia Australia.

Sasa tukate mstari huo kwa vituo vinavyotumiwa. Kutoka London hadi Hong Kong ni takriban kilomita 9,650, na kutoka hapo hadi Sydney ni kama 7,370, jumla ambayo haizidi mstari ulionyooka hata kwa kilomita 50. Kupitia Singapore kuna kilomita 10,890 na nyingine 6,290, ziada ya kilomita 160 tu. Kupitia Dubai kuna 5,500 na 12,040, ziada ya kilomita 500 na ushei. Kupitia Perth, mji ulio magharibi mwa Australia kwenyewe, kuna 14,500 na 3,280, ziada ya karibu kilomita 770. Ndege kubwa za masafa marefu huruka kwa takriban kilomita 900 kwa saa, yaani kama asilimia 85 ya kasi ya sauti katika kimo kile, kwa hiyo ziada iliyo kubwa kuliko zote hapa ni dakika 50 na ile ya Singapore ni dakika kumi tu. Inashangaza kidogo kwamba Perth, iliyo ndani ya nchi ile ile ya mwisho wa safari, ndiyo inayomzungusha abiria kuliko vituo vingine vitatu.

Hesabu hizo ni za mstari wa tufe. Ndege halisi hufuata njia zilizopangwa angani, hukwepa dhoruba na nchi zilizofungwa, na huongeza kilomita ambazo hakuna tiketi inayozitaja. Tena muda unaoandikwa kwenye ratiba hupimwa tangu ndege inapoondoka penye lango hadi inapoegeshwa kwenye lango la pili, ukiwemo muda wa kutambaa ardhini na kupanga foleni ya kuruka. Ndiyo maana haifai kugawanya kilomita kwa kasi kisha kushangaa kwamba ratiba imezidi kwa nusu saa.

Kupitia Singapore

Hii ndiyo njia ya zamani inayotumika mpaka leo. Qantas, shirika la ndege la Australia, ilipoanza safari zake za Sydney hadi London mwezi Desemba 1947, kwa ndege ya Lockheed Constellation iliyobeba abiria 29, safari ilichukua siku nne na Singapore ilikuwa miongoni mwa vituo vyake pamoja na Darwin, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Vituo vingine vyote vilifutwa na injini za jeti pamoja na tangi kubwa za mafuta, Singapore ikabaki. Leo Qantas na British Airways huendesha ndege inayotoka London, ikatua Singapore kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kisha ikaendelea hadi Sydney kwa namba ile ile ya safari, na Singapore Airlines huunganisha abiria wake hapo hapo kwa ndege mbili tofauti zenye nafasi nyingi za kuchagua.

Muda wake ni takriban saa 13 hadi Singapore na saa saba na dakika 40 hadi Sydney, hivyo jumla ya safari huwa kama saa 23, pamoja na kusubiri. Katika njia zenye kituo kimoja, ni vigumu kupata ratiba inayoishinda kwa zaidi ya dakika chache. Lakini sifa yake kubwa iko katika mgawanyo. Chukua ndege inayoondoka London saa tatu usiku katika mwezi wa Desemba. Inafika Singapore saa kumi na mbili jioni kwa saa za huko, siku inayofuata, inaondoka baada ya saa moja na nusu, na inaingia Sydney alfajiri ya siku ya tatu. Maana yake ni kwamba kipande cha kwanza kinampa abiria usiku mzima wa London, na kipande cha pili kinalingana karibu sawasawa na usiku wa Sydney. Anayeweza kulala saa nne tu katika kile cha pili anashuka akiwa ameshaanza kuishi kwa saa za mji anaouingia, jambo ambalo ratiba nyingine hazimpi kwa urahisi.

Kasoro ipo. Kipande cha saa 13 ndicho kinachotangulia, na abiria anapoamshwa Singapore ashuke na begi lake la mkononi, apite ukaguzi wa usalama upya na kupanda tena ndege ile ile, mwili wake unaamini kwamba safari imekwisha. Wengi huona kipande cha pili kuwa kirefu kuliko kilivyo kwa sababu hiyo tu. Kwa wasafiri wenye watoto wadogo ningeuliza kwanza kama si bora kusubiri saa nne au tano Changi, uwanja wenye nafasi ya kutembea na mahali pa kuoga, kuliko kuwarudisha kitini baada ya dakika 90.

Kupitia Ghuba

Hapa tunazungumzia Dubai kwa Emirates, Doha kwa Qatar Airways, na Abu Dhabi kwa Etihad. Vituo hivi vitatu vinafanana kiasi kwamba, kwa upande wa muda, vinaweza kuhesabiwa kama kimoja: takriban saa saba kutoka London, halafu karibu saa 14 hadi Sydney. Ukiongeza saa mbili hadi nne za kusubiri unapata jumla ya saa 23 hadi 25. Faida inayoonekana mara moja ni wingi wa safari. Kutoka London, na pia kutoka miji mingine ya Uingereza kama Manchester, Birmingham na Glasgow, ndege za kwenda Dubai huondoka mara kadhaa kwa siku au angalau kila siku, na kwa mtu anayeishi nje ya London hili linaweza kumwondolea safari nzima ya kwenda Heathrow. Kwake yeye, njia ya Ghuba ndiyo fupi hata kama ratiba ya London inasema vingine.

Mgawanyo wake ni kinyume cha ule wa Singapore: theluthi moja kwanza, theluthi mbili baadaye. Kipande cha saa saba kinachoruka usiku hakitoshi kulala. Ukiondoa muda wa kupaa, wa chakula cha usiku na wa kifungua kinywa kinachotolewa mapema kabla ya kutua, zinabaki saa nne hivi, na baada yake abiria anatembezwa katika uwanja mkubwa wenye mwanga mkali kisha anaingia katika ndege ya saa 14. Wapo wanaoupenda mpangilio huu, hasa wale wasiolala katika kipande cha kwanza kwa makusudi, wakaufanya uchovu wao kuwa mtaji wa kipande cha pili. Kipande kirefu mfululizo kina thamani yake: mtu anaweza kula, kulala saa saba au nane bila kuamshwa, na bado akawa na muda wa kunyoosha miguu kabla ya kutua.

Qantas yenyewe imezijaribu njia zote mbili kwa ndege zake kubwa. Mwaka 2013, baada ya kuungana kibiashara na Emirates, ilihamisha kituo chake cha safari ya London kutoka Singapore kwenda Dubai. Mwaka 2018 ikarudi Singapore. Sababu zilikuwa za kibiashara zaidi kuliko za kijiografia, lakini kurudi huko kunaonesha kwamba hakuna kituo kati ya hivyo viwili kilichomshinda mwenzake kwa umbali.

Kuna jambo la kuangaliwa katika ratiba za Ghuba, nalo ni saa ya kutua Sydney. Uwanja wa Kingsford Smith uko chini ya marufuku ya kisheria ya tangu 1995 inayozuia ndege nyingi za abiria kutua au kuruka kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa idadi ndogo inayoruhusiwa kutua katika saa ya mwisho ya marufuku hiyo. Baadhi ya safari zinazoondoka Ghuba baada ya usiku wa manane hupangwa kutua Sydney kama saa nne usiku. Ikichelewa kidogo haina neno, lakini ikichelewa saa mbili inakuta mlango umefungwa, na safari inaweza kuahirishwa au ndege ikapelekwa uwanja mwingine. Mwenye shughuli asubuhi inayofuata afadhali achague ndege inayotua mapema asubuhi, ambayo ikichelewa inampotezea kifungua kinywa tu.

Aidha, anga ya eneo hili si tulivu kila wakati. Tarehe 23 Juni 2025, kwa mfano, Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu za kiusalama, na ndege zilizokuwa njiani kwenda Doha zikalazimika kutua kwingine. Mtu hapaswi kuacha njia nzima kwa ajili ya tukio la siku moja, ila anapokata tiketi wakati hali ya eneo hilo imechafuka, kituo cha Singapore au Hong Kong kinampunguzia wasiwasi, ingawa hata ndege za huko hupita pembeni mwa maeneo yale yale zikielekea Ulaya.

Kupitia Perth

Tangu Machi 2018 Qantas huruka moja kwa moja kati ya London na Perth kwa ndege ya Boeing 787-9 yenye viti 236. Ni kilomita 14,500 bila kugusa ardhi. Kuelekea Australia huchukua saa 16 na dakika 45 hivi. Safari hii imekuwa ikiondoka London karibu na saa sita mchana na kufika Perth karibu na saa sita mchana ya siku inayofuata, na kutoka hapo abiria hupanda ndege ya ndani inayochukua saa nne na ushei kuelekea Sydney. Jumla, pamoja na kusubiri, huwa saa 23 hadi 25, sawa na njia nyingine.

Basi ni nini kinachomvutia mtu huku, ikiwa haokoi muda? Kwanza, shughuli za uhamiaji na forodha hukamilishwa Perth, na Sydney anaingia kama msafiri wa ndani, akitoka nje ya uwanja bila foleni ya pasipoti. Hata hivyo inampasa achukue mzigo wake Perth, aupitishe penye ukaguzi wa vyakula na mimea, ambao Australia haiufanyii mchezo, kisha aukabidhi tena. Pili, kama ndege ya kuunganisha inampita, anakwama ndani ya nchi anayoiendea, ambako ndege za kwenda Sydney ni nyingi. Tatu, na hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, anafika Sydney jioni au usiku wa mapema, akalale kitandani. Mtu anayefika alfajiri hulazimika kuumaliza mchana mzima akipepesuka. Anayefika jioni hahitaji ushupavu huo.

Gharama yake ni kukaa kitini karibu saa 17 mfululizo. Hilo halimfai kila mwili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2007 ulionesha kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujongea, ingawa kwa watu wenye afya hatari hiyo hubaki ndogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kupatwa na tatizo hilo anapaswa kumuuliza daktari kabla ya kununua tiketi, na pengine safari iliyokatwa katikati kabisa ikamfaa zaidi. Kwa wengine wote, kusimama na kutembea kila baada ya saa mbili ni wajibu zaidi kuliko ushauri.

Kupitia Hong Kong, na kupitia Marekani

Kwa tufe, Hong Kong ndiyo kituo kilichonyooka kuliko vyote, na inaigawa safari karibu nusu kwa nusu. Kwa hali ya sasa ubora huo umepungua. Tangu mwishoni mwa Februari 2022 ndege za Uingereza zimezuiwa kupita anga ya Urusi, na mashirika mengi mengine yameikwepa, wakati mstari mfupi wa London na Hong Kong unapita hapo hapo. Safari iliyokuwa ikichukua chini ya saa 12 sasa inaweza kuchukua saa 13 au zaidi, na ukiongeza saa tisa za kwenda Sydney na muda wa kusubiri, jumla inafika saa 24 au 25. Bado ni njia nzuri kwa anayetaka vipande viwili vinavyokaribiana na asiyependa kukaa kitini muda mrefu zaidi ya huo kwa mkupuo mmoja. Tokyo iko katika hali ile ile.

Njia ya Marekani itajwe kwa ufupi tu. Kupitia Los Angeles kuna kilomita 8,760 na nyingine 12,050, jumla ya karibu 20,800, na saa zake hupita 28 kwa urahisi. Abiria anayepita Marekani, hata kama hatoki nje ya uwanja, lazima awe na viza au kibali cha kielektroniki cha kusafiri, apite uhamiaji, achukue mzigo na kuukabidhi upya. Anayekusudia kukaa huko siku kadhaa ana sababu ya kuichagua, asiyekusudia hana.

Kurudi si sawa na kwenda

Mpaka hapa tumehesabu safari ya kwenda mashariki. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, mikondo ya upepo wa kasi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki katika kizio cha kaskazini na cha kusini vilevile, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Ndege inayokwenda Sydney husukumwa. Inayorudi London hupambana nayo. Kwa sababu hiyo Singapore hadi London ni kama saa 14 badala ya 13, Perth hadi London hupita saa 17, na safari nzima ya kurudi huzidi ile ya kwenda kwa saa moja au zaidi.

Mwezi Aprili 2024 jambo hilo lilionekana wazi. Qantas ilipoamua kukwepa anga ya Iran, safari ya kutoka Perth kwenda London ilirefuka kiasi cha kulazimika kutua Singapore kuongeza mafuta, lakini ile ya London kwenda Perth iliendelea kuruka moja kwa moja kwa kuwa upepo ulikuwa nyuma yake. Anayelinganisha tiketi ya kwenda na kurudi asidhani kwamba njia iliyomfaa kwenda ndiyo itakayomfaa kurudi. Kwenda kwa Perth na kurudi kwa Singapore ni mpangilio wenye mantiki, na unaweza kununuliwa ndani ya tiketi moja.

Kurudi kuna afueni moja: mwili huzoea saa mpya kwa urahisi zaidi unapoelekea magharibi, kwa maana kuchelewa kulala ni kwepesi kuliko kulala kabla usingizi haujafika. Tofauti ya saa kati ya miji hii ni 11 katika miezi ya Novemba hadi Machi, 9 kati ya Aprili na Septemba, na 10 katika vipindi vifupi ambapo mji mmoja umeshabadilisha saa zake na mwingine bado. Idadi hizo ni muhimu pia katika kusoma tiketi. Ndege inayoondoka London Jumatatu saa mbili na nusu usiku katika Januari na kufika Sydney Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi inaonekana kama imesafiri saa 34. Ondoa 11 utapata 23, na hiyo ndiyo idadi ya kulinganisha. Wenye kuhesabu saa kwa Kiswahili wakumbuke pia kwamba tiketi huandika 20:30 na 06:30, nao wageuze kabla ya kupanga wa kuwapokea.

Tiketi moja au mbili

Tofauti kubwa zaidi ya muda haisababishwi na njia wala na upepo, bali na namna tiketi ilivyofungwa. Safari ya saa 35 kwa kawaida ni ile ile ya saa 23 iliyoongezewa kusubiri saa 12 katika kituo cha kati. Kusubiri huko si hasara kila wakati, kwani anayelala hotelini usiku mmoja Singapore au Dubai anafika Sydney akiwa mtu mzima, ila aihesabu gharama ya chumba na ahakikishe kwamba pasipoti yake inamruhusu kutoka uwanjani.

Penye hatari ni kununua tiketi mbili tofauti ili kupunguza bei. Katika tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, shirika lina wajibu wa kumtafutia abiria ndege nyingine. Tena, kwa safari inayoanzia Uingereza, sheria ya huko humpa fidia ya pauni 520 kwa safari iliyozidi kilomita 3,500 ikiwa amefika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa nne au zaidi kwa kosa lililo ndani ya uwezo wa shirika. Akichelewa kati ya saa tatu na nne hupewa nusu yake. Mwenye tiketi mbili hana kinga hiyo kwa kipande cha pili. Akiachwa Singapore na ndege aliyoinunua pembeni, atanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo, na akiba yote itakuwa imeliwa. Binafsi nisingefanya hivyo kwa pengo lililo chini ya saa sita.

Chaguo linalokuja

Kuruka London hadi Sydney bila kituo kumewahi kufanyika, ila si kwa abiria wa kawaida. Agosti 1989 Qantas iliileta ndege yake mpya ya Boeing 747-400 kutoka London bila kutua, ikiwa na watu wachache na mafuta maalumu, kwa muda wa saa 20 na dakika 9. Novemba 2019 Boeing 787-9 iliifanya safari hiyo kwa majaribio kwa saa 19 na dakika 19, nayo ikiwa karibu tupu. Mwaka 2022 shirika hilo liliagiza ndege 12 za Airbus A350-1000 zenye tangi la ziada la lita 20,000, na limepanga kuanza safari hizo mwaka 2027. Ndege hizo zitakuwa na viti 238 tu, ilhali ndege ya aina hiyo hiyo katika mashirika mengine hubeba zaidi ya 300, kwa sababu uzito wa mafuta hula nafasi ya watu, na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa ajili ya kuyabeba yenyewe.

Shirika linasema muda utapungua kwa hadi saa nne. Ukizitazama hesabu za hapo juu, utaona kwamba saa hizo hazitokani na kufupisha kilomita: mbili hivi ni za kusimama ardhini, na nyingine ni za kushuka, kutambaa na kupaa upya. Msafiri wa kikazi anayekaa Sydney siku tatu tu atazilipia bila kusita. Anayekwenda kukaa mwezi mzima, na ambaye miguu yake inahitaji kusimama walau mara moja kati ya bara na bara, ataendelea kuiona Singapore kuwa kituo kilicho mahali pake.